Mrithi na Madeni ya Marehemu

Mwezi Septemba 2016 kampuni ya Google ilitoa Angular, kiunzi cha kujengea programu za intaneti kilichokusudiwa kurithi AngularJS, ambayo ilikuwa imetolewa kwa umma mwaka 2010 na kuenea duniani kwa kasi kubwa. Kiunzi, au fremuweki kama waandishi wengi wa programu wanavyozoea kukiita, ni mkusanyiko wa msimbo ulioandikwa tayari pamoja na kanuni za kuutumia: ndicho kinachoamua ukurasa utagawanywa katika vipande gani, taarifa aliyoijaza mtumiaji itapita njia ipi mpaka ifike kwenye hifadhidata, na kila kipande kitajuaje kwamba kipande kingine kimebadilika, ili anayejenga juu yake ashughulikie kazi yake mahususi tu. Mrithi huyo alichukua sehemu kubwa ya jina la mtangulizi wake, lakini hakuuchukua mwili wake. Aliandikwa upya kuanzia msingi, na kwa lugha nyingine, TypeScript, mahali pa JavaScript tupu. Na pale ambapo AngularJS ilizipitia thamani zote ilizokuwa ikizitazama, raundi baada ya raundi, mpaka ihakikishe kwamba hakuna kinachobadilika tena, Angular iliipanga programu nzima kama mti wa vijenzi ambamo taarifa hushuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Programu iliyojengwa kwa kiunzi cha kwanza haikuweza kuendeshwa na cha pili bila kuandikwa upya.

Baada ya kuhama huko, taasisi husema bila kusita kwamba inaendelea kutumia programu yake ileile, ila imefanywa upya. Kauli hiyo inastahili kuhojiwa. Ikiwa msimbo wote ni mpya, lugha ni nyingine, na hata namna ya kufikiri iliyomwongoza mwandishi wa kwanza imeachwa, ni kitu gani kilichovuka? Na ikiwa hakuna kilichovuka, kwa nini muuguzi anayefungua programu mpya ana haki ya kulalamika asipomkuta humo mgonjwa aliyemwandikisha katika ile ya zamani? Mtu hamdai mpita njia deni la mtu mwingine. Malalamiko ya muuguzi yana maana endapo tu kilicho mbele yake kinawajibika kwa yale yaliyofanywa na kilichotangulia. Wengi hudhani kwamba kitu hubaki kilekile kwanza, kisha kwa sababu hiyo kikabeba wajibu wa jana. Hoja ya insha hii ni kwamba mpangilio huo umegeuzwa, na kwamba kuubeba wajibu wa jana ndiko kunakokifanya kitu kiwe kilekile.

Muuguzi huyo hakutungwa kwa ajili ya hoja. Mfumo wa Kitaifa wa Taarifa za Afya wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, unaojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa SNIS, hutumia programu iitwayo DHIS2, inayoendelezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo hutumika pia Tanzania, Uganda, na Kenya iliyoieneza nchi nzima mwaka 2011. Takwimu za zoni za afya, yaani maeneo ambayo serikali imeyatenga kwa ajili ya kuendesha huduma za afya na ambayo leo ni 519 nchini kote, Katuba, Kampemba na Ruashi za Lubumbashi zikiwemo, hupita humo mwezi kwa mwezi. Programu hiyo yenyewe ni mrithi. Ile ya kwanza ilizaliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, ubaguzi wa rangi ulipokuwa umeanguka na huduma za afya zikijengwa upya, nayo ilikaa ndani ya kompyuta moja moja ikitegemea Microsoft Access. Ya pili iliandikwa upya kwa lugha ya Java ili ifanye kazi kwenye intaneti. Ndani ya hiyo ya pili nako urithi umeendelea, kwani sehemu ya kumfuatilia mgonjwa mmoja mmoja ilijengwa kwanza kwa AngularJS, na imekuwa ikiiachia nafasi sehemu mpya iliyojengwa kwa React, zana iliyotolewa na Facebook mwaka 2013. Kila hatua ya namna hiyo imeuliza upya swali lilelile: rekodi ya mtoto aliyechanjwa ilikuwa ya nani, na sasa ni ya nani?

Wanafalsafa wa Ulaya wamelizoea swali hili kupitia merikebu ya Theseus, ambayo Plutarko aliandika kwamba Waathene waliitunza kwa kuziondoa mbao zilizooza na kutia nzima, hata wenye hoja wakagawanyika kama bado ilikuwa ileile. Thomas Hobbes, katika De Corpore ya mwaka 1655, aliongeza ugumu: kama mtu angeziokota mbao kuukuu zote na kuziunganisha tena kwa mpangilio wa awali, zingekuwapo merikebu mbili, na haiwezekani zote mbili ziwe ile moja. Kwa Hobbes hilo lilikuwa jambo la kufikirika tu. Katika programu limekuwa la kawaida. AngularJS ilitolewa kwa leseni huria, na Google ilipoacha kuihudumia mwishoni mwa Desemba 2021, mbao zake hazikuoza. Msimbo upo, yeyote anaruhusiwa kuuchukua na kuuendeleza, na wapo wanaoutunza kwa malipo kwa niaba ya taasisi ambazo hazijahama. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka mitano, mtangulizi na mrithi waliishi pamoja huku majina yao yakitofautiana kwa herufi mbili. Anayeutafuta utambulisho katika mada, yaani katika kile ambacho kitu kimeundwa kwacho, atasema kwamba AngularJS inayotunzwa hivyo ndiyo ya kweli na Angular ni mgeni aliyejipachika jina; anayeutafuta katika jina na katika mmiliki atasema kinyume chake; na wote wawili watakuwa wametoa hukumu bila kumtazama mtu ambaye kazi yake ilikuwa imekabidhiwa kwa programu hiyo.

Wanatheolojia walisogea karibu zaidi na jambo lenyewe, kwa sababu aliyekuwa mbele yao alikuwa mtu anayetarajiwa kufufuka. Agostino wa Hippo, katika kitabu cha mwisho cha Mji wa Mungu, alikabili pingamizi linalotisha: mtu akiliwa na mwingine aliyeshikwa na njaa, ile nyama, ambayo sasa imekuwa mwili wa mlaji, itafufuka na nani? Alijibu kwamba itarudishwa kwa yule ambaye ndani yake ilikuwa mwili wa binadamu kwa mara ya kwanza, kwani wa pili aliichukua kama mkopo. Inafaa kuona jinsi jibu lilivyoacha kuchunguza nyama na kugeukia haki ya mwenye nayo. Upande wa Waislamu, wafuasi wa Abu al-Hasan al-Ash'ari, aliyeishi hadi karne ya 10, walifundisha kwamba sifa za vitu, walizoziita aradhi, hazidumu nyakati mbili mfululizo, na kwamba Mwenyezi Mungu huziumba upya kila wakati, hivyo uthabiti wa ulimwengu unaoonekana haumo ndani ya vitu bali katika desturi ya Muumba. Mafundisho hayo mawili hayafanani wala hayapaswi kulazimishwa yafanane. Hata hivyo yote mawili yanakataa kwamba kudumu kwa kitu kunaweza kusomwa ndani ya kitu chenyewe kikiwa peke yake, na hilo ndilo linalohitajika hapa.

Lubumbashi ina nafasi yake katika mjadala huu, tena ya mapema. Mwaka 1945, mji ukiwa bado unaitwa Elisabethville, shirika la uchapishaji la Lovania lilitoa humo kitabu cha Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyeishi miongoni mwa Waluba, kuhusu kile alichokiita falsafa ya Kibantu. Tempels alidai kwamba kwa Wabantu kuwapo ni kuwa nguvu, kwamba nguvu hiyo huongezeka au hupungua, na kwamba hakuna nguvu inayosimama bila kufungamana na nyingine. Paulin Hountondji wa Benin, aliyefundisha Kinshasa na Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliipinga vikali njia hiyo, akisema kwamba falsafa ni kazi ya watu wanaoandika na kujibizana, na kwamba si haki kulivika taifa zima fikra moja ambayo hakuna mwananchi aliyewahi kuitamka. Pingamizi hilo ni la kweli, na halijapata jibu la kutosha. Ndiyo maana ni salama zaidi kuacha kubuni mawazo ya Mbantu asiye na jina, na kuutazama utaratibu ambao watu wenye majina wameufuata mbele ya mashahidi.

Utaratibu huo uko karibu. Mto Luapula, unaoitenganisha Haut-Katanga na Zambia, una watu wa lugha ya Kibemba na jamaa zake kwenye kingo zote mbili, na katika bonde lake mna makao ya Mwata Kazembe, ambaye cheo chake kilitoka katika dola ya Walunda ya Mwant Yav upande wa magharibi. Mwanaanthropolojia Ian Cunnison, aliyechapisha uchunguzi wake kuhusu watu wa Luapula mwaka 1959, aliueleza kwa makini urithi wa nafasi. Mtu anapofariki, ukoo humteua mrithi, naye huchukua jina la marehemu pamoja na mahali pake pote katika ujamaa: waliokuwa watoto wa marehemu humwita baba, waliokuwa shemeji huwa shemeji zake, bila kujali umri wake. Anaposimulia mambo ya watangulizi wake, mwenye nafasi hiyo husema kwa nafsi ya kwanza, kwamba alivuka yeye, alipigana yeye, hata kama jambo lilitendeka vizazi vingi kabla hajazaliwa. Na vyeo viwili vilivyoanza vikiwa baba na mwana hubaki baba na mwana daima, ingawa leo anayeshika cheo cha baba anaweza kuwa kijana na anayeshika cha mwana akawa mzee.

Hakuna anayedai, katika utaratibu huo, kwamba mwili wa marehemu umehamia kwa mrithi. Kila mmoja anajua kuwa marehemu amezikwa, na wapi. Kinachopita ni fungu la mahusiano, nalo halipiti lenyewe, bali hutamkwa na wale walio kwenye ncha nyingine za mahusiano hayo: watoto wasipomwita baba, urithi haujatimia. Na kwa kuwa fungu ni moja, mrithi hana ruhusa ya kulichambua, achukue heshima ya jina na kuwaacha watoto. Hapa kuna jibu kwa merikebu za Hobbes ambalo Ulaya haikulipa uzito uliostahili. Kati ya merikebu mbili, ile ya kweli ni ile ambayo mabaharia, wadai na wanaoisubiri bandarini wanaweza kuijia na madai yao ya zamani wakapokewa. Na ikiwa zote mbili zinayakataa madai hayo, merikebu imekufa, hata kama mbao zake zote zipo na zinaelea.

Historia ya AngularJS inalithibitisha jambo hili kwa namna ambayo waliohusika huenda hawakuitarajia. Oktoba 2014, katika mkutano uliofanyika Paris, wajenzi wa Angular walieleza kiunzi walichokuwa wakikitayarisha, na ilidhihirika kwamba programu zilizokwisha kujengwa hazikuwa zimeandaliwa njia ya kuvukia. Watumiaji waliona kwamba jina lao limechukuliwa na wao wameachwa, na malalamiko yao yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka uliofuata wajenzi walitangaza njia ya kuhama hatua kwa hatua. Chombo kilichotokana na hilo, ngUpgrade, huviendesha viunzi vyote viwili ndani ya programu moja kwa wakati mmoja: kipande kimoja kikiandikwa upya, husajiliwa ili vipande vya zamani viendelee kukiita kama vilivyomzoea mtangulizi wake, nacho huitika. Kwa maana hiyo Angular haikuwa mrithi wa AngularJS siku ilipopewa jina. Ilianza kuwa mrithi ilipokubali kuitika.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja hii linatoka Lubumbashi penyewe, katika moshi wa shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906 na kuanza kuyeyusha shaba Lubumbashi mwaka 1911, iliwalea wafanyakazi wake kwa mkono wa baba mkali: nyumba, shule, hospitali na posho ya chakula vilitoka kwake, pamoja na amri na adhabu. Mwanzoni mwa 1967 serikali ya Mobutu iliitaifisha, mmiliki akabadilika, jina likabadilika, ikaja kuitwa Gécamines. Lakini nyumba, shule, hospitali na posho viliendelea, na kwa mfanyakazi wa kawaida baba alikuwa bado yupo. Mabadiliko ya kweli yalikuja baadaye, pasipo jina jipya. Uzalishaji ulianguka katika miaka ya 1990, mishahara ikakatika, na mwaka 2003, katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa utaratibu ulioitwa wa hiari, ambao wengi wao wameendelea kudai kwamba haukuwalipa haki zao. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, katika kichwa cha kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu familia za wafanyakazi hao, aliwaita wana wa Shaba walioachwa na baba yao.

Kisa hicho kinaweza kusomwa kama ushahidi kwamba wajibu ni kamba dhaifu mno kuning'inizia utambulisho, kwa kuwa kampuni ilibaki kampuni, mbele ya sheria, hata baada ya kuuacha wajibu. Lakini hoja inapata nguvu hapohapo. Waliosema kwamba wameachwa na baba hawakuwa wakikosea sheria za makampuni. Walikuwa wakitaja mwisho ambao sheria haikuwa na jina kwa ajili yake. Mwaka 1967 kila kilichoonekana kilibadilishwa na kitu kikadumu, na miaka thelathini na kitu baadaye kila kilichoonekana kilibaki na kitu kikaisha. Nadharia ya utambulisho isiyoweza kuzitofautisha nyakati hizo mbili ni nadharia isiyoona.

Kutokana na hayo, kuhama kwa programu kunapaswa kupimwa kwa mpangilio unaofanana na ule ambao fikihi ya Kiislamu imeuweka kwa mali ya marehemu: kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na mwisho kabisa mafungu ya warithi. Wanaohamisha programu mara nyingi huanza na mafungu. Huonyesha kurasa zinazofunguka haraka na vitufe vipya, wakati madeni hayajahesabiwa. Na deni gumu zaidi ni lile lisiloandikwa popote. Programu ikitumika miaka kumi, watumiaji huja kutegemea hata mambo ambayo mwandishi wake hakuyakusudia: mpangilio wa orodha, ukurasa unaokubali tarehe pungufu kwa kuwa mama wengi hawaijui siku ya kuzaliwa kwa mtoto, kisanduku cha maoni ambacho kituo kizima kimekubaliana kukitumia kwa ajili ya namba ya simu ya jirani. Waluba walilijua tatizo la aina hii walipotunza historia ya dola yao kwa lukasa, ubao wenye shanga na michongo ambao watu wa chama cha Mbudye waliusoma kwa kuupapasa. Makumbusho yanaweza kuunakili ubao huo shanga kwa shanga. Kama hakuna Mbudye aliyeulizwa, kilichohamishwa ni mbao. Vivyo hivyo hifadhidata inaweza kuvuka yote, safu kwa safu, na maana yake ikabaki ng'ambo kwa kuwa hakuna aliyekwenda Katuba kumuuliza anayeijaza.

Mazishi nayo ni deni. Google iliitangaza mapema tarehe ambayo AngularJS ingeacha kuhudumiwa, na kwa kiunzi kilichobeba kazi za watu wengi namna hiyo, tangazo hilo lilikuwa la lazima kimaadili kuliko lilivyokuwa la kiufundi, kwani programu isiyotunzwa tena haiachi kufanya kazi. Huendelea kufunguka kila asubuhi huku kasoro zake za usalama zikiwa hazina wa kuziziba, na mwenye kuitumia hana njia ya kujua kwamba anamtegemea marehemu.

Linabaki jambo ambalo urithi wa Luapula, wenye mrithi mmoja kwa nafasi moja, haulimalizi. Katika miaka ya 1980 Kongo ilikuwa na zoni za afya 306. Nyingi ziligawanywa baadaye. Mwaka 2015 mkoa wa Katanga wenyewe uligawanywa, ikapatikana mikoa minne ya Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Katika hifadhidata, mkoa ni tawi la mti, na tawi likikatwa sharti majani yake yapelekwe mahali. Takwimu za zoni ambayo haikugawanywa hufuata zoni yao, na hilo halina ubishi. Lakini hospitali ya Jason Sendwe ya Lubumbashi ilikuwa hospitali ya rufaa ya Katanga yote, na mgonjwa aliyeletwa humo kutoka Kalemie mwaka 2013 alihesabiwa chini ya mkoa ambao haupo tena. Kalemie leo iko Tanganyika, hospitali iko Haut-Katanga, na kila upande ukichora jedwali la miaka iliyopita kwa mipaka ya sasa unaweza kumhesabu au kumwacha bila kuvunja kanuni yoyote ya hesabu. Jibu la Agostino linafaa kukumbukwa hapa, kwamba kilichochukuliwa kwa mkopo kina mwenyewe wa kwanza, na mwenyewe wa kwanza wa rekodi hiyo si mkoa wowote kati ya hiyo minne: ni mgonjwa. Kwa hiyo yeyote aliye na rekodi mkononi, kwa kiunzi chochote na chini ya jina lolote la mkoa, anawajibika kuitoa anapodaiwa na mgonjwa huyo au jamaa zake, na mfumo ambao hauwezi kufanya hivyo haujarithi chochote kutoka kwa ule uliomwandikisha.